Data yako ipite wapi? Njia tano za kujichagulia, zinavyoonekana kutoka Dodoma

Mama mmoja mwenye zahanati Area D aliniita nimfungie kamera. Nilipomaliza akanikalisha, akanimiminia chai, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hizi picha za wagonjwa zikitoka hapa kwenda tawi letu la Kisasa, zinapita wapi?"

Nikamjibu bila kusita, "Mama, hazitoki hapa mjini. Kisasa ni hapo tu." Nilikuwa naamini ninachosema. Lakini kabla sijamaliza kikombe nikafungua laptop, nikaandika amri ya kupima njia, tracert, na anwani ya ruta ya Kisasa, tukaitazama pamoja ikishuka mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza ulikuwa ruta ya pale ukutani, 192.168.88.1, haikufika hata milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwenda na kurudi. Miwili iliyofuata ilikuwa anwani za ndani za mtoa huduma wake. Wa nne ulikuwa na herufi "dar" kwenye jina, milisekunde 12. Wa tano nyota tatu, yaani ruta iliyokataa kujibu. Wa sita ukaruka ghafla hadi 131, na katika jina lake mlikuwa na herufi "mrs". Mafundi wengi huzipa ruta majina ya viwanja vya ndege, na MRS ni Marseille, Ufaransa. Baada ya hapo njia ikarudi Dar es Salaam kwenye mtandao wa mtoa huduma mwingine, ikapanda Dodoma, ikafika Kisasa kwa milisekunde 258.

Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde moja. Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 5 ukiacha muda wa mitambo. Hiyo 12 inaeleweka. 258 maana yake ni kwamba picha ya ultrasound ya mama mjamzito wa Area D ilivuka bahari mara mbili ili ifike mtaa ambao bodaboda anafika kabla chai haijapoa.

Tangu siku ile nimekuwa nikipima na kulinganisha njia ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuzitumia ili awe na usemi juu ya safari ya data yake. Nne nimezipima zikiwa zinatumika hapa Dodoma, kwenye zahanati, ofisi za uhasibu, na nyumbani kwangu Nkuhungu. Pamoja na moja ambayo bado haijatufikia, ziko tano zinazostahili kuzungumzwa, na hazilingani hata kidogo.

Kwanza, nani anachagua sasa?

Kwa kawaida si wewe. Intaneti ni makumi ya maelfu ya mitandao iliyounganishwa, na mitandao hiyo huambiana njia kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo BGP, iliyoanza mwaka 1989. Kila mtandao humwambia jirani yake, "anwani hizi zinafikika kupitia kwangu," na jirani huchagua njia kwa kuangalia kwanza mikataba yake ya biashara: nani ananilipa, nani namlipa, nani tunabadilishana bure. Ubora wa safari yako huja baadaye, ukija kabisa.

Ndiyo maana ya Marseille. Watoa huduma wawili wa yule mama walikuwa hawakutani kwa njia hiyo hapa nchini, japokuwa Dar es Salaam ipo TIX, mahali ambapo mitandao ya ndani hubadilishana data bila kuitoa nje. Kila mmoja wao alikuwa na msambazaji wake wa Ulaya, na huko ndiko walikokutana. Wazee wanakumbuka safari ya Dodoma kwenda Arusha kabla ya lami ya Kondoa na Babati: watu walishuka Morogoro, Chalinze, wakapinda Segera ndipo waanze kupanda kaskazini. Tofauti ni kwamba msafiri yule alijua anakozungushwa.

Tena BGP iliundwa kwa kuaminiana. Tarehe 24 Februari 2008, mtandao wa Pakistan Telecom ulitaka kuifunga YouTube ndani ya Pakistan, tangazo lake la njia likavuja nje, na kwa muda wa saa mbili hivi watu wa sehemu nyingi za dunia wakaikosa YouTube. Hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeulizwa kama data yake ipelekwe Pakistan.

Jambo linaloniuma ni kwamba haki ya kuchagua ilikuwemo tangu mwanzo. Maelezo ya itifaki ya IP, ile inayobeba data yote ya intaneti, ya Septemba 1981 yaliruhusu mtumaji kuandika ndani ya pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, orodha ya vituo ambavyo lazima ivipitie. Wavamizi wakaigeuza kuwa mlango wa kuingilia mitandao ya watu, mafundi wakaizima karibu kila mahali. Toleo jipya la IP, IPv6, lilikuwa na kitu cha namna hiyo pia, nacho kikaondolewa rasmi Desemba 2007 kwa sababu za usalama. Kwa hiyo njia zote nitakazozilinganisha ni majaribio ya kumrudishia mtumiaji kitu alichowahi kuwa nacho.

Jiulize unaogopa nini

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anasikia "njia ya data", anakimbilia kununua VPN, huduma ya kupitisha data yako kwa siri kwenye seva ya mtu mwingine, wakati shida yake ni mtandao kukatika. Hofu ni tatu, na kila moja ina dawa yake: unaogopa data kukatika, unaogopa kuchelewa, au unaogopa kuonekana. Yule mama alikuwa na mbili, kuchelewa na kuonekana. Mhasibu wa Nkuhungu nitakayemtaja sasa hivi alikuwa na moja tu, kukatika, na alishatumia pesa kwenye dawa ya hofu nyingine.

Laini mbili za watoa huduma tofauti

Hii ndiyo njia isiyo na mvuto kwenye matangazo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa ofisi nyingi hapa mjini kabla ya nyingine zote. Unakuwa na faiba ya mtoa huduma mmoja na laini ya simu ya mwingine kwenye ruta moja yenye akili, kisha unaiambia ruta: simu za mtandaoni na mfumo wa wateja zipite hapa, kupakua masasisho ya Windows kupite kule, na huyu akianguka yule ashike. Hapo umechagua njia kwelikweli, kwa sababu hata majibu hurudi kupitia mtoa huduma ambaye anwani yake ulitumia kutuma. VPN peke yake haikupi nafasi ya kuchagua kati ya watoa huduma wawili.

Lakini laini mbili si lazima ziwe njia mbili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia. Jumatatu asubuhi mhasibu akanipigia: "Fundi, nalipia laini mbili, na zote zinatambaa. Umenifungia nini?" Ruta haikuwa na tatizo. Watoa huduma wake wote wawili walikuwa wakinunua nafasi kwenye kebo zile zile. Alikuwa na bili mbili na njia moja.

Tangu hapo, kabla sijamshauri mtu kuchukua laini ya pili, namtaka aulize maswali mawili kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Kutoka Dodoma hadi Dar mnatumia mkongo wa nani? Kutoka Dar kwenda nje mnatumia kebo zipi? Wapo watoa huduma wanaokodi nafasi kwenye Mkongo wa Taifa unaoendeshwa na TTCL, kampuni ya simu ya taifa, na wapo wenye faiba zao au za ubia. Kama wote wawili wako kwenye mtaro mmoja, katapila moja la mradi wa barabara linawakata kwa pamoja. Baharini nako, Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikaanza kazi mwaka 2010, na 2Africa imetua baada ya hapo; unataka laini zako ziwe na angalau kebo moja isiyofanana. Mhudumu wa kaunta hatajua. Omba kuongea na mtu wa ufundi, na usikubali kuondoka na jibu la "mtandao wetu ni wa uhakika".

Kuna kosa moja la ufungaji ninalolikuta mara kwa mara. Kwenye MikroTik, ruta ambazo zimejaa hapa mjini, fundi huweka njia mbili, moja ya umbali 1 na nyingine ya umbali 2 (ruta huanza na yenye namba ndogo), kisha huwasha check-gateway ili ruta ijue laini ikifa. Sasa, check-gateway inapima lango tu, yaani kifaa cha mtoa huduma kilicho karibu nawe. Mkongo ukikatika Gairo, kile kifaa cha hapo ukutani bado kiko hai na taa yake ya kijani inawaka, kwa hiyo ruta inaendelea kutuma pakiti kwenye shimo. Dawa yake ni kuifanya ruta ipime anwani ya mbali, mfano 1.1.1.1 kwa laini hii na 8.8.8.8 kwa ile, na njia kuu itegemee majibu ya huko. Ni kazi ya nusu saa. Ukimlipa fundi, mwambie achomoe waya wa nje mbele yako, si wa umeme wala wa kwenye ruta, mhesabu pamoja sekunde hadi laini ya pili ishike.

Kwa hofu ya kuonekana, laini mbili hazisaidii chochote. Watoa huduma wawili wanakuona badala ya mmoja.

VPN ya kununua

VPN huchukua pakiti zako zote, ikazisimba, yaani ikazifunga zisisomeke na mtu wa njiani, ikazipeleka kwenye seva ya kampuni ya VPN, na kutoka hapo ndipo zinakwenda zinakokwenda. Unachochagua ni mahali pa kutokea: Nairobi, Johannesburg, Amsterdam. Kipande cha kutoka kwako hadi kwenye seva hiyo bado kinapangwa na BGP ile ile na mikataba ile ile, na kipande cha kutoka kwenye seva kwenda mbele pia. Kwa hiyo hujachagua njia, umechagua kituo kimoja cha katikati.

Kuna wakati kituo hicho husaidia. Nimewahi kukuta mfumo wa mikutano wa ofisi fulani unachechemea, na kupitia seva ya Johannesburg ukatulia, kwa sababu kampuni ya VPN ilikuwa imeunganishwa vizuri zaidi na mwenye mfumo kuliko mtoa huduma wetu. Mara nyingi lakini huongeza kuchelewa, na kwa mawasiliano ya ndani ya Dodoma ni kujitafutia Marseille nyingine.

Kuhusu kuonekana, VPN inahamisha macho. Mtoa huduma wako haoni tena unatembelea nini. Kampuni ya VPN ndiyo inaona. Zile za bure ndizo zinazonitisha. Kuendesha seva nchi ishirini ni gharama, na kama hulipi wewe, kuna anayelipa, na anachonunua ni taarifa zako. Kama utatumia VPN ya kununua, lipia, dola chache kwa mwezi, kwa kampuni iliyokubali kukaguliwa na watu wa nje na ikachapisha matokeo.

Kisha kuna sheria, na hili nalisema kwa uzito kwa kuwa nimeona wafanyabiashara wakilipuuza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza nyenzo za kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN wazisajili, mwisho ukiwa tarehe 30 ya mwezi huo. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Kama ni ofisi, nenda uulize utaratibu ulivyo sasa, usajili, na uhifadhi barua yako. Mimi sifungi VPN ya ofisi bila mteja kukubali hatua hiyo.

Handaki lako mwenyewe

Hii ni VPN pia, na usajili unaihusu vilevile, lakini kituo cha katikati ni chako. Unakodi seva ndogo, dola 5 hivi kwa mwezi, au unatumia ruta ya ofisi yako ya makao makuu, kisha unachimba handaki lililosimbwa kati yake na matawi. Programu ninayoitumia ni WireGuard, iliyoandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020. Ni fupi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuisoma yote, na inafanya kazi kwenye simu, kompyuta, na MikroTik zenye RouterOS, mfumo unaoziendesha, toleo la 7.

Uzuri wake kwa mada yetu uko kwenye mstari mmoja wa faili la mipangilio, AllowedIPs. Ukiandika 0.0.0.0/0, kila kitu kinaingia handakini, mpaka video za watoto. Ukiandika anwani ya mfumo wa wagonjwa peke yake, basi ni picha za wagonjwa tu zinazopita handakini, na mengine yote yanapita njia ya kawaida. Hapo unakaa mwenyewe na kusema: hiki kipite hapa, kile kipite pale. Sijaona kitu rahisi zaidi kinachompa mtu wa ofisi ndogo mamlaka ya namna hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba unahitaji mtu. Seva ya kukodi isiposasishwa inavamiwa, na funguo za WireGuard zikihifadhiwa kwenye simu ya fundi aliyeacha kazi, handaki ni la fundi huyo. Pia kama huna anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti, upande wowote, na laini nyingi za simu hazina, ni lazima upate anwani isiyobadilika kutoka kwa mtoa huduma kwa malipo ya ziada, au ukodi seva. Na ukikodi, chagua seva kwa kupima kutoka hapa, usitazame ramani. Pima asubuhi, pima saa mbili usiku watu wakiwa nyumbani wanaangalia video, ndipo ulipe.

Handaki halifichi kwamba unawasiliana, na halikufanyi usijulikane. Seva imeandikishwa kwa jina lako.

Tor

Tor ni mtandao wa kumficha mtumaji. Imetokana na utafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani wa miaka ya 1990, na toleo lake la kwanza la majaribio lilitoka mwaka 2002. Pakiti yako hufungwa kwa tabaka tatu na kupitishwa kwenye seva tatu za watu wa kujitolea: wa kwanza anakujua wewe lakini hajui uendako, wa mwisho anajua uendako lakini hakujui.

Watu hudhani Tor inakupa uchaguzi wa njia. Inakunyima kwa makusudi. Njia huchaguliwa kwa bahati nasibu na kubadilishwa mara kwa mara, maana ukianza kuchagua mwenyewe nchi za kupitia, unafanana na watu wachache zaidi, na kufanana na wachache ndiko kukamatika. Mipangilio ya kuzitenga nchi fulani ipo, na Tor Project wenyewe hawashauri kuigusa. Kwa mwandishi wa habari au mtu anayekimbia ukatili wa nyumbani, ni kifaa cha thamani kubwa. Kwa zahanati inayotuma picha kubwa za ultrasound, haifai: ni ya polepole, mifumo mingi ya benki huikataa, na kile nilichosema kuhusu Kanuni za mwaka 2020 kinaigusa pia. Sina zaidi ya kusema juu yake hapa.

SCION

Hii ndiyo pekee kati ya tano inayojibu swali la yule mama kama alivyouliza. Ni mradi ulioanza mwaka 2009 chini ya Adrian Perrig, na leo makao yake ni chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi. Badala ya mitandao kukuamulia kimya kimya, inakuletea orodha ya njia zilizopo kutoka ulipo hadi unakokwenda, na kompyuta yako inachagua: yenye kasi zaidi, au isiyopita nchi fulani, au mbili kwa pamoja ili moja ikikatika nyingine iendelee bila kusubiri. Njia uliyochagua huandikwa ndani ya pakiti yenyewe, kama ule mpango wa 1981, ila safari hii kila kipande cha njia kina muhuri wa kihesabu wa mtandao husika, kwa hiyo mvamizi hawezi kujitungia njia. Lile tobo lililofanya watu waizime njia ya zamani limezibwa.

Na inafanya kazi, haiko kwenye karatasi tu. Benki Kuu ya Uswisi na kampuni ya SIX zilizindua mwaka 2021 mtandao wa sekta ya fedha ya nchi hiyo unaotumia SCION.

Tuseme ukweli kuhusu mipaka yake. Unachagua kati ya njia ambazo mitandao imekubali kuzitoa. Mtandao usiotaka kukupitisha hautakuwepo kwenye orodha. Orodha hukuonyesha mitandao, haikuonyeshi mitaro, kwa hiyo njia mbili zinazoonekana tofauti zinaweza kulala ndani ya kebo moja ya baharini, na yale ya Mei 2024 yakajirudia. Kubwa kuliko yote, huwezi kuipakua ukaanza kuitumia kama WireGuard. Mtoa huduma wako lazima aiweke. Kwa hiyo leo, kwa mtu wa Dodoma, si kitu cha kuchagua bali cha kudai. Ningefurahi sana kuona wanafunzi wa mitandao wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiichukua kama mradi, na taasisi kubwa zinazotangaza zabuni za intaneti hapa makao makuu zikiandika ndani ya zabuni: mzabuni aonyeshe njia data itakazopita, na mteja awe na uwezo wa kuzikataa.

Zikikaa pamoja

Kwa kukatika, laini mbili zenye kebo tofauti hazina mpinzani kwa sasa. SCION ingezifuata kwa karibu kama ingekuwepo. VPN, handaki na Tor vyote huongeza kitu kimoja zaidi kinachoweza kufa.

Kwa kuchelewa, dawa ya kwanza haimo kwenye tano hizi. Ni kumchagua mtoa huduma kwa kupima anavyofika unakotaka kufika. Matawi mawili ya ofisi moja yakiwa kwa mtoa huduma mmoja, data yao haina sababu ya kwenda Ulaya. Ninavyoona mimi, uamuzi mkubwa kuliko yote juu ya njia ya data yako unaufanya siku unaposaini mkataba wa laini. Programu utakayopakua baadaye inarekebisha tu pembeni. Ukisharidhika hapo, handaki lako mwenyewe ndilo linalokupa usemi wa ziada.

Kwa kuonekana, anza na kusimba kabla ya kuhangaika na njia. Pakiti iliyosimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho inaweza kupita Marseille na mtu wa pale akaona bahasha tu. Isiyosimbwa inasomeka hata hapo Ihumwa. Na kama unahifadhi taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kwa hiyo ulizia zinalala wapi kabla ya kuulizia zinapita wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililotushtua siku ile Area D. Nilipochungulia pakiti za mfumo wa wagonjwa, hazikuwa zimesimbwa. Jina la mgonjwa, umri, na namba ya simu vilikuwa vinasomeka wazi, vikaenda Ufaransa na kurudi. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Anza na hicho. Leo."

Tulianza na hicho. Mwezi uliofuata, mkataba wa tawi la Kisasa ulipoisha, akauliza maswali yale mawili, akalihamishia kwa mtoa huduma wa Area D na kulipia anwani ya umma isiyobadilika. Laini ya simu ya mtoa huduma mwingine, mwenye kebo tofauti, ikabaki ya akiba kwenye kila tawi. Kati ya matawi kuna handaki la WireGuard ambalo AllowedIPs yake ina anwani moja tu, ya seva ya wagonjwa iliyopo chumba cha nyuma, inayotumia betri ya sola. Funguo zimechapishwa na kufungiwa kwenye kabati lake la dawa za kudhibitiwa. Usajili wa VPN aliufuatilia mwenyewe.

Jioni tuliyomaliza alitaka kuona kwa macho yake. Nikaandika amri ile ile. Ruta ya ukutani, ruta mbili za mtoa huduma, "dar", kisha zikaanza kupanda. Kisasa, milisekunde 23. Bado zinashuka hadi Dar na kurudi, kwa sababu mtoa huduma wake hana mahali pa kuzigeuzia hapa Dodoma. Mama ameshaandika barua ya kuliuliza hilo, na anasubiri majibu.